Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar: damu ya watoto wetu isomwe sawasawa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mtu wa maabara, Pemba. Miaka mingi nimechuja mikojo ya watoto wa skuli. Tunaikusanya baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya kichocho yanapotoka kwa wingi, tunapitisha mililita 10 kwenye kichujio, kisha darubini. Yai lake halijifichi, lina mwiba mkiani. Kwa kazi hiyo sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni damu.

Tafiti za kinga huchukua damu ya watoto hawahawa zikapima saitokini, yaani protini ambazo chembe za kinga hupelekeana habari. Kipimo chenyewe ni Elaiza. Ndani ya sahani ya vishimo 96 kuna kingamwili zilizogandishwa chini, zinaidaka protini inayotafutwa; kingamwili ya pili huishika kwa juu na kuleta rangi. Manjano ikikolea, protini ni nyingi.

Lakini ili idakwe, lazima iwe na pa kushikwa. Na minyoo haikai bure mwilini: hutoa antijeni zake, yaani vitu vyake ambavyo kinga huvitambua kuwa vya kigeni, na baadhi ya antijeni hizo kazi yake hasa ni kuzikamata protini za kinga. Mwaka 2005 watafiti walieleza protini inayotoka kwenye mayai ya kichocho cha tumbo, ambayo hujibandika kwenye kemokini, yaani saitokini zinazoita chembe za kinga, ikiwamo intalukini-8. Mwaka 2017 ikaelezwa nyingine, ya mnyoo wa utumbo wa panya, inayoifunga saitokini iitwayo intalukini-33. Protini ikishafunikwa hivyo, sahani huenda isiione. Imo ndani ya damu, rangi haiji. Na kinyume chake hutokea pia: kingamwili za mgonjwa mwenyewe zikaunganisha ya chini na ya juu pasipo na protini yoyote kati, rangi ikakolea bure.

Nililiona hili kwa macho yangu, katika maabara nisiyoitaja. Nilichukua seramu mbili, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, moja ya mtoto ambaye mkojo wake haukuwa na yai hata moja, moja ya mtoto mwenye mayai zaidi ya 50. Kila moja nikaitia kiasi kilekile cha saitokini. Kishimo cha kwanza kiligeuka manjano ya binzari. Cha pili kilipauka kama maji ya dafu. Nikarudia, yakawa yaleyale. Nikaizimua ile seramu ya pili kidogo kidogo, na kila nikizidisha hesabu kurudi nyuma, kiwango kinapanda. Seramu isiyo na kizuizi haifanyi hivyo. Ukiizimua mara nne ukazidisha kwa nne, hesabu inarudi palepale. Nilipopeleka habari kwa mkuu wangu wa wakati ule niliambiwa ripoti imeshakwenda.

Kinachoniuma ni kwamba kosa hili haligunduliki kirahisi. Kila mtaalamu anajua kuwa minyoo hutuliza kinga kweli. Basi namba ikitoka ndogo, anaiamini, kwa sababu ndiyo aliyoitarajia. Ataandika kuwa kinga ya watoto wa Pemba imelala, na wengine watapangia chanjo na dawa juu ya maandishi hayo, ilhali huenda kilicholala ni kipimo.

Ombi langu ni dogo, Mheshimiwa. Kibali cha utafiti wowote unaopima saitokini hapa kiwe na sharti: kipimo kijaribiwe kwanza kwa seramu za watu wetu wenye kichocho na minyoo, si kwa seramu safi iliyokuja pamoja na vifaa. Mtafiti atie kiasi anachokijua, aone kinarudi kiasi gani. Baina ya asilimia 80 na 120 ndiyo hukubaliwa kwa kawaida. Aizimue na kuipima tena. Matokeo ya majaribio hayo yakae ndani ya ripoti, hata yakiwa mabaya. Gharama yake ni vishimo vichache vya sahani na asubuhi moja ya kazi.

Mzazi wa Micheweni anayemshika mwanawe mkono ili atobolewe sindano hawezi kuuliza maswali haya. Wizara yako inaweza, kabla ya muhuri kupigwa.

Ukija Pemba, nitakuwekea sahani mbili mezani uzione rangi zake mwenyewe.

Wako mtiifu,
Fundi wa maabara, Chake Chake