Fungeni Kitabu Kabla ya Kutoka: Barua ya Wazi kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia nikiwa mzee aliyekwisha kustaafu. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusimamia tasnifu, na katika miaka hiyo nilisoma rasimu nisizozikumbuka idadi, nikakaa katika vikao vingi vya utetezi, nikawapokea ofisini mwangu vijana wa kila namna: wenye vipaji, wenye bidii, wenye maringo, na wale ambao machozi yaliwatoka hata kabla mlango haujafungwa. Swali lililonijia mara nyingi kuliko yote halikuhusu nadharia wala data. Liliulizwa kwa aibu kidogo, mwishoni mwa kikao, mtu akiwa tayari amesimama na mkoba begani: "Mwalimu, hivi ni vibaya nikienda kustarehe kidogo Jumamosi?"

Swali hilo lilinisikitisha kila mara. Mtu mzima mwenye shahada yake, pengine mwenye mwenzi na watoto, anaomba ruhusa ya kucheka. Siku zile nilijibu kwa haraka, kwa sababu nami nilikuwa nimezongwa na kazi. Leo nina nafasi ya kulijibu inavyostahili.

Methali mnayorushiwa ni ile ya mshika mawili, kwamba moja humponyoka. Siipingi. Ila isikilizeni vizuri: inamsema anayeyashika yote mawili kwa wakati mmoja, haimsemi anayeliweka moja chini, akalishika la pili kwa mikono yote. Kwa niliyoyaona, wanafunzi walioangushwa na starehe ni wachache, na walioangushwa na kazi yenyewe ni wachache pia. Wengi waliangushwa na hali ya katikati, ambayo mimi huiita saa za popo, kwa kuwa popo hatujui tumweke kwa ndege au kwa wanyama. Ni zile saa ambazo kompyuta iko wazi na simu iko mkononi. Saa ambazo mtu yupo kwenye sherehe huku akiiwaza sura ya tatu, na kesho yake yupo kwenye sura ya tatu akijutia sherehe iliyompita akiwa ndani yake.

Sisemi haya kwa kuwatazama wengine tu. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu, rafiki yangu wa tangu utotoni alioa. Nilikwenda harusini, lakini nilikwenda na kurasa kumi na mbili za sura ya nne, nimezikunja na kuzitia katika mfuko wa ndani wa koti, nikijiambia kwamba nitazipitia hotuba zikirefuka. Zilirefuka kweli. Nikatoka, nikasimama kwenye korido karibu na vyoo, chini ya taa iliyokuwa ikiwaka na kuzimika, nikaegemeza karatasi ukutani na kuanza kusahihisha. Nilisahihisha aya moja. Wakati huo, ukumbini, jina langu liliitwa mara tatu ili niseme machache juu ya bwana harusi, maana hapakuwa na aliyemjua kunishinda. Sikuonekana, akasimama mtu mwingine. Asubuhi yake niliisoma ile aya, nikaona masahihisho hayana kichwa wala miguu, nikayafuta yote. Harusi niliikosa, na sura ya nne ilibaki pale pale.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini masomo ya juu huzaa saa za popo kwa wingi hivi. Nadhani ni kwa sababu hayana kengele. Katika shahada ya kwanza kuna vipindi, kuna mitihani, na mtihani ukipita umepita. Uzamili bado una madarasa na tarehe zake, ingawa tasnifu ikianza tarehe hizo hulegea. Uzamivu ndio hauna kitu: kuna mada, kuna msimamizi, na kuna miaka mitatu au zaidi mbele yako, na hakuna jioni hata moja ambayo mtu anaweza kukuambia kwa haki kwamba umemaliza, kwa sababu daima kuna makala nyingine ya kusoma. Mwaka 1955 Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, aliandika kwa mzaha kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliotengewa. Yeye alikuwa akiwacheka maofisa wa serikali, lakini mapitio ya maandiko hutanuka kuliko faili lolote la serikali.

Kwa hiyo kengele itabidi muipige wenyewe, na kuipiga si uvivu. Katika mfumo wa Ulaya wa kuhesabu mzigo wa masomo, mwaka mzima wa masomo ya muda wote hukadiriwa kuwa saa 1,500 hadi 1,800 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na kujisomea. Gawanyeni saa 1,600 kwa wiki 40, mtapata saa 40 kwa wiki. Maana yake ni kwamba hata waliopanga mzigo huo hawakudai jioni zenu zote. Jioni hizo tunazitoa wenyewe, na nyingi tunazitoa kwa popo.

Aliwahi kuja kwangu mwanafunzi wa uzamivu aliyesema anafanya kazi saa kumi na nne kila siku na bado sura haisogei. Sikumbishia. Nilimpa karatasi nikamwomba aiandike siku ya jana, nusu saa kwa nusu saa, bila kunitazama. Tulipojumlisha, kuandika hasa kulikuwa saa mbili na nusu, kusoma kwa makini saa moja na ushei, na kilichobaki kilikuwa kubadilisha mtindo wa marejeleo, kufungua na kufunga baruapepe, kusoma kichwa cha makala na kuihifadhi isisomwe tena, na kukaa. Hakuwa amedanganya, kwani kweli alikuwa amechoka kwa saa kumi na nne. Tulikubaliana awe na saa sita za kazi kwelikweli, kisha aondoke mezani, na jioni tatu kwa wiki awe na watu. Alinichukia kwa wiki mbili hivi. Baadaye sura ilisogea, ingawa nakiri kwamba hata mada yake ilikuwa imeanza kumkaa vizuri kichwani, na sitaki kujitwalia sifa zote.

Kuondoka mezani nako kuna namna yake, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize zaidi. Kufunga kitabu hakutoshi ikiwa akili inabaki imefunguliwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa saikolojia, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba lengo lisilokamilika huendelea kuingilia mawazo ya mtu anapofanya jambo jingine, lakini akishaandika mpango mahususi wa namna atakavyolitimiza, uingiliaji huo hupungua sana, hata kama kazi yenyewe haijaguswa. Kwa hiyo, dakika kumi kabla ya kuinuka, andikeni kwa mkono sentensi mbili: nimeishia wapi, na kesho nitaanza na nini. Msiandike "kuendelea na sura ya tatu". Andikeni "kueleza kwa nini jedwali la pili halilingani na la kwanza". Kisha acheni karatasi hiyo juu ya meza, wala msiitie mfukoni mwa koti.

Mtaniambia kwamba tarehe ya kuwasilisha ikikaribia hakuna jioni wala karatasi, ni kukesha tu. Nimekesha nami, na sitajifanya mtakatifu. Lakini jueni mnachonunua. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha matokeo yao: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo alifanya majaribio ya uratibu wa jicho na mkono sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Hamwezi kumpa mlevi rasimu yenu airekebishe, basi msijipe wenyewe saa tisa usiku.

Mwanahisabati Henri Poincaré alisimulia mwaka 1908 jinsi alivyohangaika siku 15 na tatizo lake, kisha akasafiri kwa matembezi ya kijiolojia na kulisahau kabisa, na pale Coutances, mji wa Ufaransa, alipokanyaga ngazi ya basi la farasi, wazo kubwa juu ya kazi hiyo likamjia. Kisa hiki hupendwa sana na wanaotaka kutembea. Naomba wasiziruke zile siku 15.

Sasa, starehe ipi? Sitawachagulia. Mwingine hucheza muziki, mwingine hucheza mpira, mwingine anataka kukaa na watu wanne tu wapige soga mpaka usingizi uwachukue. Kigezo changu ni kimoja: je, kesho yake unarudi mezani na mwili wako na ubongo wako, au unarudi na kichwa kinachogonga na fedha za mwezi zimekwisha? Kutelezesha kidole juu ya simu kitandani sikuhesabu kuwa starehe, maana sijaona mtu aliyeamka akasema "jana nilifurahi sana" kwa ajili hiyo. Wala siwashauri muwe na marafiki wa idara yenu peke yao. Najua vikao vyenu. Huanza kwa vicheko, na baada ya robo saa kila mtu anamlalamikia msimamizi wake. Malalamiko yana faida yake, lakini hayapumzishi. Tafuteni watu wasiojua tasnifu yenu inahusu nini na wasiotaka kujua: kwaya, timu, majirani, ndugu, kikundi cha lugha. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, walisaidiwa na watu wanaokutana nao mara moja moja, si na marafiki wa kila siku, kwa sababu rafiki wa kila siku anajua yale yale unayoyajua wewe. Msiende kwaya kutafuta kazi, tafadhali. Nendeni mkaimbe.

Upweke wa masomo haya si jambo dogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojibiwa na wanafunzi 2,279 wa nchi 26, wengi wao wa uzamivu, uliwakuta asilimia 41 wakiwa na dalili za wasiwasi wa kati au mkali, na asilimia 39 dalili kama hizo za sonona. Waliojibu walijitolea wenyewe, na huenda mwenye maumivu hujibu upesi zaidi. Hata hivyo mimi niliyekaa upande wa pili wa meza sikuzishangaa takwimu hizo. Mtu akiona giza halimtoki hata baada ya usingizi na marafiki, aende kwa mshauri au daktari mapema, wala asisubiri kumaliza sura.

Na hilo neno "nikimaliza" nalichukia kidogo. "Tutaonana nikimaliza." Rafiki hulisikia mara ya kwanza akaelewa, mara ya pili akavumilia, mara ya tano anaacha kukualika, na hakukasirika, amezoea tu. Ipo misimu ambayo lazima mtoweke, na mtu asiyewahi kutoweka labda hajaandika kitu. Lakini mnapotoweka, acheni tarehe: "Kuanzia tarehe 3 hadi 20 sipatikani, tarehe 21 jioni nipo kwako." Kisha tarehe 21 muwepo. Kwa wenye wenzi na watoto jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mtoto hajui maana ya "nikimaliza", anajua mlango umefungwa au umefunguliwa. Na wale wa maabara, ambao majaribio yao hayajui Jumapili, hamtaweza kufunga saa ile ile kila siku. Basi jilipeni fidia: usiku uliochukuliwa na jaribio urudishwe kwa asubuhi ya siku nyingine, na urudishwe wiki hiyo hiyo.

Niwaungamie jambo moja kwa niaba ya wasimamizi. Nilikuwa na tabia ya kutuma baruapepe saa sita za usiku. Nilituma ili nisisahau, nikalala fofofo, kumbe upande wa pili kuna kijana aliyeamka, akasoma, akakaa macho mpaka alfajiri akitafuta jibu. Niliambiwa hayo miaka mingi baadaye, na aliyeniambia alikuwa amekwisha kuwa profesa. Muulizeni msimamizi wenu waziwazi, mapema, lini anatarajia kujibiwa. Wengi wetu tungeshtuka kusikia kwamba kuna mtu alikuwa akisubiri ujumbe wetu usiku.

Barua hii nimeianza saa nane mchana na sasa inakaribia saa kumi na moja. Bwana harusi yule alikaa zaidi ya mwaka bila kunisemesha sawasawa, kisha tukapatana, na siku hizi tunacheza sataranji kila Alhamisi. Leo ni Alhamisi, naye husema nikichelewa hata kwa dakika tano kwamba bila shaka nimesimama kwenye korido. Kuna jambo juu ya ufadhili na kazi za muda nililotaka kuliongeza. Nimeliandika kwenye karatasi, nimeiacha mezani, nitaanza nalo kesho.

Mwalimu wenu mstaafu