Barua ya wazi kwa vijana mnaotafuta kitanda cha bei nafuu katika jiji ghali

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlio na safari mbele yenu na fedha za kubana: anayekwenda kwenye usaili, anayefuata kozi ya wiki mbili, anayeifuata timu yake, na yule anayetaka tu kuuona mji mkubwa kabla hajazeeka kama mimi. Nimekaa mapokezi ya hosteli, yaani nyumba ya wageni inayouza kitanda kimoja kimoja ndani ya chumba cha watu wengi, kwa miaka mingi, zamu ya usiku, na anayekaa pale huona mengi. Mara nyingi mgeni aliyelipa kitanda cha bei ya chini kabisa ndiye aliyeondoka mfuko ukiwa mtupu kuliko wenzake. Nililiona hilo mpaka likaacha kunishangaza.

Najua mnavyotafuta. Mnafungua simu, mnapanga hosteli kuanzia bei ya chini, mnachukua ya kwanza yenye picha safi. Hapo mmenunua godoro. Mimi nataka mnunue usiku mzima, yaani kuanzia mnaposhuka kwenye ndege au basi hadi kesho yake mtakapofika mnakokwenda mkiwa mmelala vizuri na mizigo yenu ipo.

Kwa hiyo chukueni karatasi. Andikeni bei ya kitanda, halafu chini yake mwandike kodi ya jiji (ile ambayo jiji humtoza mgeni anayelala humo), shuka na taulo kama zinakodishwa, kufuli la kabati, nauli ya kutoka uwanja wa ndege kwa saa mtakayofika, nauli ya kila siku, chakula kama hakuna jiko, na malipo ya kuhifadhi mizigo siku ya kuondoka. Fanyeni hivyo kwa hosteli tatu mlizozipenda. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika jiji ghali huisha kabla ya siku ya pili.

Kodi ya jiji ndiyo huwakasirisha wageni kuliko yote, kwa sababu wengi hukutana nayo mezani kwangu. Amsterdam, kwa mfano, tangu 2024 hutoza asilimia 12.5 ya bei ya malazi. Kwingine ni kiasi maalumu kwa kila kichwa kwa kila usiku. Bei mnayoiona mwanzoni kwenye mtandao mara nyingi haina kodi hiyo ndani yake. Imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Isomeni. Na tafadhali msimgombeze kijana wa mapokezi, si yeye aliyeitunga.

Nauli nayo ina mambo yake. Kuna viwanja vya ndege vinavyobeba jina la jiji huku vikiwa mbali nalo: Beauvais huuzwa kama Paris, na iko takriban kilomita 80 kutoka Paris yenyewe. Mkitua huko usiku kwa tiketi ya bei ya kutupa, fedha mliyookoa angani mtailipa ardhini. Tokyo treni husimama karibu saa sita usiku na haziamki mpaka kama saa kumi na moja alfajiri. London treni za chini ya ardhi za usiku kucha zilianza 2016, lakini ni kwa usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, tena kwenye baadhi ya njia. Kwa hiyo kabla ya kuipenda hosteli ya pembezoni, tafuteni saa ya treni ya mwisho. Teksi moja ya usiku wa manane katika miji hiyo inaweza kumeza akiba ya vitanda vitatu.

Sisemi mkae katikati ya jiji, la hasha. Ukipata hosteli ya mbali iliyo hatua chache kutoka stesheni, kwenye njia inayokupeleka moja kwa moja bila kubadilisha treni, hiyo ni bora kuliko ya karibu inayokutaka mabasi mawili na kilima. Pimeni kwa dakika na kwa idadi ya kubadilisha. Kilomita hazina maana mjini. Tena kuna miji inayowasaidia wageni. Geneva na Basel, miji ghali kwelikweli, humpa mgeni anayelala hotelini au hosteli kadi ya kupanda usafiri wa umma bure kwa muda wa kukaa kwake. Kitanda cha huko kinaweza kuonekana cha bei kubwa mpaka uondoe nauli kwenye hesabu.

Halafu tarehe. Kama mna uhuru wa kuchagua siku, huo ni utajiri, msiuchezee. Edinburgh mwezi Agosti ina tamasha na kila kitanda kimepandishwa bei; Munich mwishoni mwa Septemba ni vivyo hivyo kwa sababu ya Oktoberfest, tamasha lao la bia. Kabla hamjakata tiketi, tazameni kama kuna maonyesho ya biashara, mbio za marathoni, fainali au mkutano mkubwa. Miji ya starehe hupanda bei Ijumaa na Jumamosi. Mitaa ya maofisi mara nyingi hushuka siku hizo hizo. Jumapili usiku ni usiku wangu ninaoupenda: wa wikendi wameondoka, wa kazi hawajaja.

Sasa niseme kidogo kuhusu New York, kwa sababu wengi huniuliza kwa nini huko hosteli ni chache. Mwaka 2010 jimbo lilipiga marufuku kupangisha kwa chini ya siku 30 katika majengo mengi ya makazi, na hosteli kadhaa zikafungwa pamoja na zile nyumba za makazi ambazo sheria ililenga. Kisha kuanzia Septemba 2023 jiji likaanza kusimamia sheria nyingine: anayepangisha nyumba yake kwa muda mfupi lazima asajiliwe, awepo mwenyewe, na wageni wasizidi wawili. Matokeo yake ni kwamba ukiona nyumba nzima ya bei nafuu huko kwa usiku tatu, swali la kwanza ni kama ni halali, na la pili ni kama ipo. Hosteli zilizobaki zina kazi ya kutosha. Mojawapo, ile ya Hostelling International, mtandao wa hosteli wa kimataifa, iliyoko barabara ya Amsterdam Avenue, imo ndani ya jengo lililokamilika 1883 kama makao ya wanawake wazee maskini wenye heshima zao. Mimi huona inafaa sana. Msafiri mwenye fedha kidogo naye ana heshima yake.

Msitazame hosteli peke yake. Vyuo vikuu vya London na miji mingine mingi hupangisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo ndefu ya kiangazi, chumba cha peke yako, wakati mwingine kwa bei isiyozidi sana ya kitanda cha bweni. Roma kuna nyumba za watawa zinazopokea wageni: safi, kimya, na mlango hufungwa saa waliyosema, si saa unayotaka wewe. YMCA, chama cha vijana wa Kikristo kilichoanzishwa London mwaka 1844 kwa ajili ya vijana waliokuja kufanya kazi jijini, bado ina malazi katika miji kadhaa. Japani kuna hoteli za vibanda, ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979. Unalala ndani ya kisanduku chenye taa na pazia. Ulizeni kwanza, maana baadhi ni za wanaume tu, na kwingine wanawake wana ghorofa yao. Hong Kong kuna Chungking Mansions pale Nathan Road, jengo moja lenye nyumba nyingi za wageni, na ndani yake mna kila aina, kuanzia kizuri mpaka cha kukimbia. Pale usitafute jengo. Tafuta nyumba yenyewe, ghorofa yake na herufi ya sehemu ya jengo ilimo.

Maoni ya wageni wengi huyasoma vibaya. Wanatazama alama, nane nukta ngapi, basi. Alama ni wastani, na wastani huficha. Fungueni maoni ya miezi mitatu ya karibuni tu, kwa sababu hosteli hubadilisha meneja na kila kitu kikabadilika. Tafuteni yanayorudiwa na watu wasiojuana: wawili wakisema maji ya moto huisha asubuhi, huisha. Lawama moja ya hasira kuhusu tabia ya mhudumu iacheni. Huenda mgeni huyo alikuja amelewa, nami ninao mifano. Neno "kunguni" likitokea hata mara moja katika wiki za karibuni, angalieni hosteli ilijibu nini. Iliyosema chumba kilifungwa na kikatibiwa inanipa imani kuliko iliyomwita mgeni mwongo.

Kulipa ni jambo fupi. Anayekutaka ulipe nje ya mtandao ulikomkuta, kwa hawala au kwa kadi za zawadi, ni tapeli, mjadala umekwisha. Tazameni anwani kwenye ramani, na picha zake zipakieni kwenye mtandao wa kutafuta picha kuona kama zimeibwa mahali pengine. Mkishaipata hosteli, fungueni pia tovuti yake yenyewe, maana mara nyingine bei ya moja kwa moja ni ndogo au ina kifungua kinywa. Mashine ya kadi ikiuliza mlipe kwa fedha ya nyumbani au ya huko, chagueni ya huko. Ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango cha kuwaumiza. Na mnaoomba viza ya nchi za Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, mtatakiwa kuonyesha mahali mtakapolala: wekeni nafasi inayoweza kufutwa bila gharama mpaka viza itoke. Nafasi isiyorejeshwa fedha ni nafuu kidogo, na ni ya mtu mwenye viza mkononi.

Mabinti zangu, na wazazi wao wanaosoma hapa: bweni la wanawake peke yao likiwapo, mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo. Muhimu kuliko jina la bweni ni maswali haya, na yaulizeni kwa maandishi kabla ya kulipa. Je, mapokezi yana mtu saa ishirini na nne? Mlango wa bweni unafunguliwa kwa kadi au uko wazi kwa yeyote? Kabati linaingiza begi zima au simu tu? Kuuliza si ujinga. Hosteli inayokawia siku tatu kujibu swali la mlango haitawahi kujibu saa nane za usiku.

Mkifika, begi lisiguse kitanda kwanza. Liwekeni bafuni au juu ya sakafu ngumu, kisha mvute shuka pembeni mtazame mishono ya godoro na nyufa za fremu kwa taa ya simu. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, maganda membamba, au mdudu mwenyewe bapa wa rangi ya hudhurungi: rudini mapokezi hapo hapo, pigeni picha, ombeni chumba kingine kisichopakana na hicho. Msione haya. Nilimheshimu zaidi mgeni aliyekagua kuliko aliyekuja siku ya tatu akijikuna na kulaumu.

Kuhusu kuishi bwenini sina mengi. Mtu aliyeanzisha jambo hili, mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann, alipata wazo hilo mwaka 1909 alipokuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, dhoruba ikawalazimisha kulala katika jengo la shule. Mwaka 1912 hosteli yake ilikuwa ndani ya ngome ya Altena. Tangu hapo bei ni ndogo kwa sababu moja: mnashirikiana. Jiko, choo, usingizi. Anayefungua mifuko ya plastiki saa kumi alfajiri anakula usingizi wa wenzake. Pangeni mizigo jioni, simu ziwe kimya, kengele ya kuamkia ilie mara moja na mwinuke. Bebeni kufuli lenu, vizibo vya masikio, ndala na waya mrefu wa chaji, maana soketi ni moja na vitanda ni vinane. Anayekoroma sana naye ajijue. Chumba kidogo cha watu wanne kina maadui wachache.

La mwisho nimeliona likiwaumiza wengi. Kama ndege yenu inatua saa saba usiku wa kuamkia tarehe 12, kitanda mnachokihitaji ni cha tarehe 11. Wengi huweka cha tarehe 12, wakafika usiku ule, nami nikalazimika kuwaambia kitanda chao kitakuwa tayari mchana saa nane. Na mkishakiweka sawasawa, pigeni simu hosteli mchana wa kabla ya safari mseme mtafika usiku sana, maana asiyetokea kufikia saa fulani huweza kuhesabiwa hayupo na kitanda kikauzwa. Mwulizeni jina anayepokea simu. Liandikeni kwenye ile karatasi ya hesabu, pamoja na anwani na nambari ya mapokezi, kwa wino, kwa sababu simu itakuwa imezima.

Wasalaam,
Mzee wenu wa zamu ya usiku