Picha za kupatwa kwa jua zisifutwe jioni ileile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya jambo ambalo huzungumzwa kwa siku mbili tatu kila jua linapopatwa, kisha likasahauliwa, nalo ni zile picha. Kabla ya tukio magazeti hujaa maonyo kuhusu macho na maelezo ya jinsi ya kufunga chujio mbele ya lenzi, na ni vyema iwe hivyo. Siku yenyewe ikifika, kila mwenye simu huielekeza juu. Baada ya hapo hakuna anayemwambia mpiga picha afanye nini na zile picha mia mbili alizonazo mkononi, kwa hiyo moja hurushwa kwa marafiki, tano hubakizwa, na zilizosalia hufutwa jioni ileile ili kupata nafasi ya video nyingine.

Nami nilikuwa mmoja wa wafutaji hao. Miaka kadhaa baada ya kupatwa kwa jua nilikokushuhudia mara ya kwanza, nilitaka kujua jua lilikuwa limeliwa kiasi gani na ilikuwa saa ngapi, nikakuta sina hata picha moja ya asili. Nilichopata ni nakala niliyorudishiwa na shemeji yangu, ambayo ilikuwa imepitia programu ya kutumiana ujumbe. Ilikuwa imebanwa hata ukingo wa jua ukawa ngazi ngazi, na kumbukumbu za saa na mahali, ambazo simu huziandika ndani ya faili bila kuombwa, zilikuwa zimeondolewa zote. Picha nilikuwa nayo, lakini haikuweza kunijibu swali lolote.

Ombi langu la kwanza kwa wasomaji wenzangu, basi, ni kwamba wasifute chochote kwa angalau wiki moja, na hasa wasifute zile wanazoziona mbaya. Chukua picha ya kawaida ya simu, iliyopigwa bila chujio wakati jua limeliwa nusu. (Sishauri mtu yeyote kuielekeza simu kwenye jua bila chujio, nasema juu ya picha zilizokwisha kupigwa.) Katikati pana mng'ao mweupe usio na umbo, na mpigaji hukata tamaa hapohapo. Lakini atazame upande wa pili wa picha, ng'ambo ya kitovu chake: mara nyingi pana kidoa cha kijani au samawati, kisichozidi punje ya mtama, ambacho watu hukidhania uchafu wa lenzi. Akikuze. Kidoa kile ni jua lenyewe, lililoakisiwa ndani kwa ndani na vioo vya lenzi, na kwa kuwa mwanga wake ni hafifu, umbo lake halikuzamishwa na mng'ao. Ni hilali safi, mara nyingi iliyopinduka juu chini, na pembe zake mbili zinaweza kupimwa.

Vivyo hivyo kwa picha ambazo hazikuelekezwa angani kabisa. Matundu madogo yaliyo kati ya majani ya mti hufanya kazi ya kamera ya tundu, yaani kamera isiyo na lenzi, ambayo mwanga hupenya katika tundu dogo na kuchora sura ya jua, na chini ya mti, wakati wa kupatwa, kila doa la mwanga hugeuka kuwa hilali. Picha ninayoithamini kuliko zote nilizowahi kupiga ni ya mgongo wa shati jeupe la mwanangu, aliyekuwa ameinama kufunga kamba za kiatu chini ya mti: hilali zaidi ya arobaini zimetapakaa mgongoni, zote zimeelekea upande mmoja, nyingine kali na nyingine zimefifia kadiri jani lilivyokuwa juu au chini. Nusura niifute kwa sababu kichwa cha mtoto kimekatwa.

Anayedhani kwamba nazungumza kama mtu wa kukusanya makopo tu na akumbuke kisa cha tarehe 29 Mei 1919. Siku hiyo wanaastronomia wa Uingereza walipiga picha za jua lililopatwa kikamilifu wakiwa sehemu mbili: Arthur Eddington na mwenzake katika kisiwa cha Príncipe, karibu na pwani ya Afrika Magharibi, na Andrew Crommelin pamoja na Charles Davidson huko Sobral, Brazili. Walitaka kujua kama mwanga wa nyota zinazoonekana kando ya jua hupindwa na uzito wa jua kwa kiasi alichotabiri Albert Einstein, yaani sekunde 1.75 za tao (kipimo cha pembe ndogo sana) ukingoni kabisa, kiasi ambacho ni kama upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka umbali wa kilomita 2 na ushei. Huko Sobral moja ya darubini mbili ilipoteza fokasi, nyota zikatoka na ukungu, na hesabu zilipofungwa picha zake zikawekwa kando. Uzito ukapewa zile za darubini ndogo. Lakini hakuna aliyevitupa vile vioo ambavyo picha hizo zilipigwa juu yake. Mwaka 1979, miaka 60 baadaye, vilipimwa upya kwa mashine na kompyuta ambazo wapigaji wake hawakuweza hata kuziota, na picha zilizokuwa zimekataliwa kwa ukungu zikatoa jibu linalokubaliana na la Einstein. Mtu mmoja mwenye bidii ya kusafisha kabati angetosha kutunyima kipimo hicho.

Ombi la pili ni la saa na mahali, na hapa naomba nivumiliwe, kwa maana ndipo penye uzembe mkubwa. Picha ya kupatwa kwa jua isiyojulikana imepigwa wapi na saa ngapi ni pambo. Ikijulikana, ni kipimo. Kivuli cha mwezi hukimbia juu ya uso wa dunia kwa kasi inayozidi ya ndege ya abiria, na ukisogea kilomita chache tu pembeni mwa njia yake, unachokiona hubadilika. Wakati jua linapokaribia kufunikwa lote, miale ya mwisho hupenya katika mabonde ya ukingo wa mwezi na kufanya mfululizo wa nukta zinazong'aa, ambazo huitwa shanga za Baily, kwa jina la Francis Baily aliyezieleza baada ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1836. Siku hizi milima na mabonde ya mwezi yamepimwa kwa vyombo vinavyouzunguka, hivyo mtu akiwa na picha za shanga hizo, zenye saa sahihi hadi sehemu ya sekunde na mahali panapojulikana, anaweza kuzilinganisha na ramani na kukadiria upana wa jua lenyewe. Bila saa, zinabaki kuwa shanga tu.

Simu hurekebishwa saa na mtandao, lakini kamera husema uongo. Yangu iligundulika kuwa mbele kwa dakika 4 na sekunde 11. Mwenye kamera asiharakishe kuirekebisha baada ya tukio. Kwanza aipige picha saa ya simu inayoonyesha sekunde, kisha alinganishe saa iliyo ndani ya picha na ile iliyoandikwa na kamera katika faili la picha hiyohiyo. Tofauti atakayoipata ndiyo ya kujumlisha au kutoa katika picha zote za siku ile. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja, na huokoa kadi nzima.

Jambo la upande wa juu wa picha nalo hupuuzwa. Mtu akiwa ameilaza kamera kwenye begi au ameizungusha juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, ni lazima aandike juu ni wapi, kwa sababu baada ya mwezi mmoja hatakumbuka. Taji la jua, yaani korona, ule mwanga hafifu unaoonekana kulizunguka jua linapofunikwa lote, lina ncha zake na mikunjo yake inayofuata usumaku wa jua, na haliwezi kulinganishwa na picha ya mtu mwingine mpaka zote mbili zielekezwe upande mmoja. Mwaka 1860, kupatwa kwa jua kulipopita Hispania, wanaastronomia wawili, Warren De la Rue na padri Angelo Secchi, walipiga picha wakiwa wametengana mamia ya kilomita. Kulikuwa na ubishi wa siku nyingi kama zile ndimi nyekundu zinazochomoza kando ya mwezi ni za mwezi, za jua, au ni mazingaombwe ya hewa. Picha zilipowekwa pamoja, ndimi zilionekana zilezile, na mwezi ulionekana ukizifunika upande mmoja na kuzifunua upande wa pili. Ubishi ukaisha: ni za jua. Picha moja peke yake isingeweza kuumaliza.

Hilo la kuweka pamoja ndilo linaloipa picha ya mtu wa kawaida thamani hata leo, pamoja na vyombo vyote vilivyoko angani. Tarehe 21 Agosti 2017, kivuli kilipoikata Marekani kutoka pwani hadi pwani kwa muda wa saa moja na nusu hivi, hakuna aliyesimama mahali pamoja akaona kupatwa kikamilifu kwa zaidi ya dakika 2 na sekunde 40 na kidogo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikishirikiana na Google, kilikusanya picha za watu waliojitolea kando ya njia nzima na kuziunganisha, ili korona itazamwe kwa muda ambao hakuna jicho moja lililopewa. Mwenye picha zenye saa na mahali na atafute kama upo mradi wa namna hiyo kwa tukio aliloliona, au aulize chuo kikuu au chama cha wanaastronomia kilicho karibu naye. Atume faili la asili, si picha ya kioo cha simu. Na akitumia programu ya ujumbe, alitume kama waraka, ili lisibanwe. Picha anayoiweka hadharani anaweza kuiondolea kumbukumbu ya mahali, maana si kila mtu apaswa kujua anakoishi, lakini aiondoe katika nakala, asiiguse ya asili.

Kuhusu uhifadhi sitasema mengi: faili za asili zikae sehemu mbili tofauti, na picha moja au mbili zichapishwe kwenye karatasi na kuandikwa nyuma kwa penseli, isiyopenyeza wino upande wa mbele.

Sasa nakuja kwako, Mhariri, na kwa wenzako. Gazeti moja, ambalo sitalitaja, liliwahi kuchapisha picha niliyolipelekea baada ya kuizungusha, hilali ikakaa kama mtumbwi, bila shaka kwa sababu hivyo inapendeza zaidi, na chini yake likaandika kwamba jua lilikuwa limepatwa kikamilifu, wakati sehemu inayong'aa inaonekana na kila mwenye macho. Nililalamika, nikaambiwa kwamba wasomaji hawajali. Mimi ni msomaji, na ninajali. Naomba gazeti lako, litakapokaribisha picha za wasomaji, lidai mahali, saa na kifaa, na liviandike chini ya picha hata kama ni kwa herufi ndogo. Lisizungushe wala kukata bila kusema. Na liombe ruhusa ya mwenye picha, kwani kutuma si kuuza.

Naomba pia mtofautishe picha iliyounganishwa na picha iliyotungwa. Korona karibu na ukingo wa jua hung'aa zaidi ya mara elfu kuliko ilivyo mbali nao, na hakuna pigo moja la kamera linaloweza kuchukua ndani na nje kwa pamoja. Mtaalamu wa hisabati wa Kicheki, Miloslav Druckmüller, huunganisha makumi ya picha za muda tofauti wa mwanga, na matokeo yake hukaribia kile kinachoonwa na jicho, au hukipita. Hiyo ni kazi halali, mradi isemwe kwamba imeunganishwa. Lakini kubandika jua lililopatwa juu ya mnara uliopigwa siku nyingine, kwa lenzi nyingine, kisha kukaa kimya, ni uongo, na kila baada ya kupatwa kwa jua picha za aina hiyo huzipita zile za kweli kwa mbio.

Naambatisha ile ya shati. Ni faili la asili, halijakatwa. Mahali, tarehe na saa vimo katika ukurasa wa pili, baada ya kutoa zile dakika 4 na sekunde 11. Juu ya picha ni upande wa kola. Mkiona inafaa kuchapishwa, nimeridhia, ila naomba ibaki hivyohivyo ilivyo, bila kichwa.

Wako katika usomaji,
Msomaji wa siku nyingi