Isikilize sauti yake kwanza

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Pale uliposema mwanao "kachangamka, anaongea mpaka raha" ndipo moyo uliponienda mbio. Shoga, usingoje vituko. Sikiliza anavyoongea.

Mdogo wangu, kama ujuavyo, naye ana ugonjwa wa hisia mseto kama mwanao, hiyo bipola, ambapo hisia hupanda kupita kiasi na pengine hushuka mno. Akianza kupanda, mazungumzo ndiyo yanayomfichua. Maneno yanasukumana, hana kituo, sauti iko juu ingawa mmekaa mkeka mmoja. Mtu mwenye furaha ya kawaida ukimkatiza atakusikiliza, yeye hakatiziki. Anarukia jambo jipya la kwanza halijaisha, na pengine kinachomvuta ni mlio tu: "Bandari, hatari, sukari, safari, haya twende!" Majirani wakacheka, wakasema kawa malenga. Mimi ilinitia hofu. Malenga huchagua vina vyake. Huyu vina vilikuwa vinamburura. Koo likamkauka, sauti ikakwaruza, na bado akaongea hadi alfajiri, hana usingizi wala uchovu.

Hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wamejaribu kuitambua hali hii kwa kupima sauti za wagonjwa katika simu zao za kila siku. Kwa hiyo asikwambie mtu unamchunga mtoto bure.

Madaktari huhesabu angalau siku 7 ndipo huko kupanda wakuite mania, labda iwe kali hadi mtu alazwe. Wewe usizingoje zitimie. Usibishane naye, wala usimkemee anyamaze. Ongea taratibu, kwa maneno machache. Redio izimwe, wageni wapungue. Dawa asiziache. Kama anatumia lithiamu, ile dawa ya kutuliza hisia, anywe maji ya kutosha kwa joto letu hili, na asimeze diklofenaki, ile ya maumivu, bila kumuuliza daktari.

Akishuka utasikia kinyume chake: neno moja baada ya kimya kirefu, sauti imezama. Hilo nalo kamwambie daktari.

Akitulia, kaa naye mkubaliane ni nani atakayemwambia akianza kwenda kasi. Mdogo wangu siku hizi huniuliza mwenyewe, "Dada, nakimbia?" Nami namjibu kweli, hata ikimuuma.

Mpeleke kliniki kesho asubuhi. Akikataa nipigie, nitakuja tumpeleke pamoja.

Nisalimie mama.

Shogayo,
Zuhura