Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujashika Jembe

Mwanangu Aikaruwa,

Ujumbe wako wa sauti wa Jumanne usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni na mama yako, mvua inapiga bati, sikuambulia kitu. Mara ya pili nilijifungia ofisini usharikani. Mara ya tatu nilirudia pale tu uliponyamaza, halafu ukauliza, "Baba, ni kweli Bibi anatushikilia?"

Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu mimi nageuka mhubiri, na wewe unaitika "ndiyo, Baba" huku unafikiria mengine. Nimeona niandike.

Kama nimekuelewa, kiongozi wenu wa maombi hapo chuoni amewaambia kila mmoja achunguze kama kwao kuna madhabahu ya ukoo, yaani mahali wazee walipofungamana na wafu wao. Wewe ukataja masale, ile mimea yetu Wachagga (mmoja ni isale), yaliyopandwa kwenye kaburi la Bibi. Akasema hilo ndilo agano lenyewe, ndiyo maana mitihani ya mwaka jana ilikuangusha, na Krismasi ukija huku uyang'oe usiku kama Gideoni. Nadhani umekubali nusu. Ungekuwa umekubali yote usingeniuliza, ungekuja tu na jembe.

Sitamsema vibaya kijana huyo. Anafunga, anawaamsha alfajiri mkaombe. Nina wazee wa kanisa hapa ambao jumuiya ya saa kumi na mbili asubuhi inawashinda. Na habari ya mitihani tuiache, maana mama yako anajua ile tamthiliya ya Kituruki ilikuwa na sehemu ngapi.

Ila Gideoni namjua kidogo. Fungua Waamuzi, usome sura ya 6 mpaka ya 8 kwa mkao mmoja, simu ikiwa chumba kingine. Ni kweli anavunja madhabahu ya Baali ya baba yake. Anakwenda usiku na watumishi kumi, kwa sababu anawaogopa watu wa nyumbani na wa mjini. Wahubiri wengi hufika hapo wakapiga kelele, watu wakasema amina, sadaka ikapita. Wewe endelea. Kwenye sura ya 8 vita vimekwisha, Gideoni anawaomba watu pete za dhahabu walizoteka, zinatimia shekeli 1,700, naye anatengeneza naivera na kuiweka mjini kwake Ofra. Naivera si kitu cha Baali. Ni vazi la kuhani, Mungu mwenyewe aliliagiza katika Kutoka 28. Na hilo ndilo Israeli wote wakaliandama, likawa tanzi kwa Gideoni na nyumba yake. Yaani mtu yule yule aliyebomoa sanamu ya baba yake ndiye aliyewaachia wanawe sanamu nyingine, na hii ilikuwa imeshonwa kwa kitambaa cha kanisani.

Hilo nalisema kwa sababu mimi pia niliwahi kuwa Gideoni wa sura ya 6. Mama yako anakijua kisa hiki. Wewe hujawahi kukisikia.

Nilitoka chuo cha theolojia cha Makumira nikiwa na Kigiriki cha kutosha kunitia kiburi, nikapangiwa usharika wangu wa kwanza huko Vunjo. Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja wasiosalimiana, chanzo mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Wanakaa mbali mbali kanisani, mmoja benchi la mbele upande wa wanaume, mwingine karibu na mlango, na siku ya Chakula cha Bwana mmoja akija mezani mwingine hasogei. Nilikuwa nimehubiri Mathayo 5, ile ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu uende ukapatane kwanza na ndugu yako. Nilihubiri vizuri, nadhani. Siku chache baadaye, jioni, yule mdogo akabisha hodi kwangu. Alikuwa amevaa koti la Jumapili na gambuti zenye tope. Mkononi ana jani la isale, bichi, amelifunga fundo.

Akaniambia, "Mchungaji, nataka unisindikize kwa kaka."

Unajua isale ni nini kwetu, au labda hujui, maana tulikulea nyumba za usharika mjini na kosa hilo ni letu. Mchagga aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani hilo, ameweka shingo yake chini. Aliyeletewa hawezi kulikataa. Hata kama ni kosa la damu, hata kama amekula kiapo, jani likifika lazima wakae waongee. Mzee yule hakuwa na njia nyingine ya kusema "nimekosa" ambayo kaka yake angelazimika kuisikia. Maneno walikuwa wameyatumia yote kwenye baraza la kata.

Mimi nikamwambia, "Baba, damu ya Yesu inatosha. Hilo jani liache hapo nje, ndipo twende."

Alilitazama jani. Alinitazama mimi, kijana mwenye kola nyeupe ambaye hata ndevu hazijajaa. Akasema, "Sawa, Mchungaji." Akashuka ngazi, akaenda zake. Jani hakuliacha, aliondoka nalo.

Kaka yake alikufa kabla ya Pasaka. Mazishini, baada ya mashada, nilimwona yule mzee akisogea kwenye kichwa cha kaburi na mche wa isale, akainama, akaupanda kwenye udongo ule mwekundu uliokuwa bado umelegea, akashindilia kwa kiganja. Wazee wa kanisa wakanigeukia waone nitafanya nini. Nikageuzia macho kitabu cha ibada, nikatafuta ukurasa niliokuwa tayari nimeufungua.

Mtu alikuwa anakwenda kuitii Mathayo 5, mwanangu, nami ndiye niliyemrudisha njiani.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma polepole zaidi. Kwa mfano Zaburi ya 51, ambayo wewe uliikariri kwenye kipaimara: "Unisafishe kwa hisopo nami nitakuwa safi." Miaka mingi nilisoma hisopo kama neno la kanisani tu, kama vile kerubi. Kumbe ni kichaka. Kinashikwa fungu mkononi, kinachovywa kwenye damu, kinapakwa kwenye miimo ya milango usiku ule wa Pasaka kule Misri. Kuhani anakitumia kumtakasa mwenye ukoma katika Walawi 14. Na Yohana anasema siki ya Bwana pale msalabani ilipelekwa kinywani mwake juu ya hisopo. Mungu hakuona aibu kutumia jani. Wala jani halikuwa na dawa yoyote ndani yake. Sisemi isale ni hisopo, usije ukaninukuu vibaya huko chuoni. Nasema tu Biblia haiogopi mimea kama ninyi.

Mstari huo huo unamalizia na kuwa mweupe kuliko theluji, na hapo sisi wa huku tuna bahati kuliko waumini wengi wa Kiafrika, maana tukifungua mlango asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda tunaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Johannes Rebmann alipoiona theluji hiyo mwaka 1848 na kuandika, mabwana wa jiografia huko London walibisha miaka, wakasema karibu na ikweta haiwezekani. Hawakuwahi kukanyaga huku. Kiongozi wenu naye, sijui kwao ni wapi, lakini kaburi la mama yangu hajaliona.

Na kama tunang'oa kila kilichokuwepo kabla ya injili, tuanze na jina lako. Aika ni asante, Ruwa ni Mungu. Ruwa alitajwa na wazee wetu wakitazama juu kwenye mlima kabla misheni ya Leipzig haijafika huku mwaka 1893. Wamisionari wangeweza kuleta jina lao la Kijerumani. Hawakuleta, wakahubiri Ruwa kwamba ndiye Baba wa Yesu Kristo, na bibi yako alikufa akimwita hivyo. Au chukua Kiswahili unachoombea. Injili, sala, dhambi, toba, neema, rehema, baraka: karibu maneno yote hayo yalipitia vinywa vya Waislamu wa pwani kabla hayajaingia kwenye Biblia yetu. Kanisa lenyewe ni neno la Kiarabu. Tuyang'oe yote, tubaki tunapiga makofi tu?

Kulikuwa na mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kukaa sana Old Moshi, ambaye alijaribu kujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika. Hata vijana wa kipaimara aliwapanga kwa kufuata udugu wa rika wa zamani. Simfuati mpaka mwisho. Kuna wakati naona aliupenda Uchagga kuliko Wachagga wenyewe, ambao wakati huo walikuwa wanataka shule na kahawa. Lakini aliketi, akauliza, akaandika alichoambiwa. Mimi mwana wa hapa hapa sikumuuliza mzee yule hata swali moja.

Sasa usidhani baba yako amelegea. Mfalme Hezekia, katika 2 Wafalme 18, anaivunja ile nyoka ya shaba, na aliyeitengeneza ni Musa, kwa amri ya Mungu, na iliponya watu. Kwa nini aivunje? Kwa sababu wana wa Israeli walikuwa wanaifukizia uvumba. Mwaka jana familia moja huku iliniita niombee boma baada ya kuwa wameshachinja mbuzi na kumwaga mbege, pombe yetu ya ndizi, penye masale, wakimwomba babu yao aondoe ugonjwa wa mtoto. Nilikaa. Nilikunywa chai. Nikamwombea mtoto kwa jina la Yesu, nikawaambia wampeleke hospitali kesho yake, na ile sala ya kuyabariki yale yaliyofanyika asubuhi nikaikataa mbele ya wote. Mzee wa ukoo alikasirika mpaka leo. Kwa hiyo isale huku linampatanisha mtu na nduguye, kule limegeuzwa sikio la wafu, na ni jani lile lile. Utajuaje tofauti bila kuuliza wanaolitumia wanafanya nini nalo?

Basi nikuambie linafanya nini pale kwa Bibi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukuambia.

Bibi alipofariki tulikuwa na fedha za kujengea kaburi. Saruji ilishapigiwa hesabu na fundi alishakuja kupima. Wiki ile ile ndipo ukachaguliwa kwenda kidato cha tano, na orodha ikaja: ada, godoro, sare, michango, nauli. Tukakaa kikao, mimi na baba yako mdogo na shangazi zako, wakasema mama asingekubali alale kwenye saruji mtoto akae nyumbani. Kaburi likabaki udongo. Lakini kihamba ni kihamba, ng'ombe wanapita, watoto wanacheza, na mtu akija kulima migomba anaweza kupita juu bila kujua. Baba yako mdogo akakata masale manne kwenye mpaka wetu wa chini, akayapanda kwenye pembe nne. Hakusema neno lolote wakati anapanda zaidi ya kumtuma mtoto wake alete maji. Nilikuwepo, nimeshika kidumu.

Kama kuna agano pale, liliandikwa kwenye risiti ya shule yako.

Kwa wenzako waambie hivi, au usiwaambie. Paulo alipowajibu Wakorintho kuhusu nyama za sanamu alianza na "ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga", na alikuwa anawasema wale wenye ujuzi sahihi. Kwa hiyo hata ukijua baba yako ana hoja, usiende kumshinda kijana yule mbele ya kundi. Kama kuna mwenzenu ambaye dhamiri yake inamsumbua kweli, kwao walimwaga mbege na kuomba wafu, yeye ana jambo la kushughulikia, na asichekwe.

Krismasi njoo. Tutakwenda pale mchana, wewe na mimi na baba yako mdogo, maana yeye ndiye aliyepanda na hujamuuliza. Jembe utalikuta nyuma ya banda la ng'ombe, kuna magugu mengi pembeni ya kaburi, na isale moja la upande wa mgomba limelala kwa mvua hizi, linataka kuinuliwa. Baada ya hapo ukiona bado kuna haja ya kung'oa, tutaongea tena.

Mama yako anakusalimia. Jumapili kwenye mnada alipandisha bei ya kuku mpaka elfu arobaini, kumbe ni jogoo wetu mwenyewe aliyemtoa sadaka asubuhi. Amerudi bandani na anawika kama aliyeshinda kesi.

Nimekupakilia ndizi mshare kwenye basi la Alhamisi, na chupa mbili za maziwa ya mgando zimefungwa kwa gazeti. Kondakta nimempa namba yako. Wahi stendi kabla ya saa mbili usiku, yale maziwa ya safari iliyopita yalifunguka kwenye buti na nililipishwa begi la mtu.

Ni mimi, baba yako.