Kipindupindu na protini ya ARF

Bukavu, Kadutu

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, Mama anakusalimu, na Justin ni yule yule. Nimekaa kimya muda mrefu, na leo nakuandikia kwa kuwa nina shida: Jumatatu natakiwa kuwaeleza wanafunzi wa uuguzi jinsi protini zinavyoongoza safari za vifuko, yaani vijifuko vya utando vinavyobeba mizigo ndani ya seli, na michoro ya kitabu chetu ni msitu wa mishale.

Nimeamua kuanza na kipindupindu, kwa maana hapa hakuna asiyekijua. Mwaka 1984 Richard Kahn na Alfred Gilman walitenga protini ndogo ambayo sumu ya kipindupindu huihitaji ili ifanye kazi, ndiyo ARF. Kazi yake ya kila siku ilijulikana baadaye: ikishika GTP (molekuli ndogo inayoiwasha) hujipachika kwenye utando wa Golji, kituo cha seli cha kupanga na kutuma protini, na kuita protini za ganda, ambazo huukunja utando mpaka kifuko kichomoke. GTP ikivunjwa kuwa GDP, hali ya kuzimika, ARF huachia utando na ganda hubanduka, na hapo kifuko kinaweza kuungana na utando kinakokwenda. Utasema ni swichi ya taa. Sawa, ila hii ina protini za kuiwasha na nyingine za kuizima, na mahali zinapokaa ndipo panapoamua kifuko kizaliwe wapi. Hilo ndilo ninalotaka walishike, si majina.

Narudi kwenye sumu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Vipande vyake vitano vya B hushika mafuta ya GM1 juu ya seli ya utumbo, kisha sumu husafirishwa kinyumenyume, ikipitia Golji, hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ambamo protini nyingi hutengenezwa. Kipande cha A1 hutoroka humo, hukutana na ARF yenye GTP, na kwa msaada wake huifanya Gs, protini inayoamuru cAMP itengenezwe, isizimike. cAMP, kijumbe cha ndani ya seli, hupanda, mlango wa kloridi hubaki wazi, maji hufuata. Ndoo ile iliyo chini ya kitanda chenye tundu, ambayo Justin huipima na kuandika kwenye fishi, hujazwa hivyo!

Je, nianze na ndoo au na Golji? Huko Lubumbashi mnao mchoro wenye maelezo ya Kifaransa, usio na mishale mingi? Unaweza kunitumia kabla ya Jumapili? Na Chantal, alishapata ile kazi ya Kolwezi?

Wako,
Furaha