Homa ya mtoto: tuhesabu na pumzi zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mazoea yaliyoota mizizi mkoani kwetu Tabora ya kuichukulia kila homa ya mtoto mdogo kuwa ni malaria, huku nimonia, ambayo wengi huiita kichomi, ikipita bila kutambuliwa.

Chanzo cha mazoea hayo kinaeleweka. Malaria tunaishi nayo, na kipimo chake cha haraka kipo hadi kwenye zahanati za vijijini, ilhali nimonia haina kipimo cha namna hiyo. Inataka jicho lililotulia na saa inayoonyesha sekunde. Kasoro ni kwamba kipimo kikishaonyesha malaria, mara nyingi uchunguzi huishia hapo, mtoto akaandikiwa dawa ya mseto na mama akarudi nyumbani akiamini kuwa ugonjwa umeshajulikana. Mtoto anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Isitoshe, kipimo cha haraka kinachotumika sana kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha mwilini, hivyo homa ya leo ikasingiziwa ugonjwa uliokwisha kutibiwa mwezi uliopita.

Katika nimonia, vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa majimaji na usaha, oksijeni ikapungua katika damu, na mtoto asiyeweza kuvuta pumzi ndefu huvuta fupi fupi kwa haraka. Ndiyo maana hesabu ya pumzi hueleza mengi kuliko kishindo cha kikohozi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Zihesabiwe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, na kifua kikiwa wazi. Hilo la mwisho husahauliwa sana, kwa kuwa asubuhi za kipupwe watoto huletwa wamevishwa masweta mawili na kofia, kisha wakafungwa kitenge juu yake. Nimewahi kumwona muuguzi akimpandisha mtoto fulana hadi kwapani, akaweka simu yake ya kitochi gotini na kuhesabu kimya kimya huku foleni ikinung'unika. Alipomaliza, alimwonyesha mama kwa kidole jinsi sehemu iliyo chini ya mbavu ilivyokuwa ikibonyea ndani kila mtoto alipovuta pumzi.

Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri asisubiri kukuche. Kichanga wa chini ya miezi 2 anaweza asikohoe wala asichemke mwili. Kukataa ziwa peke yake ni sababu tosha ya kumkimbiza kituoni.

Tunachelewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni duka la dawa, ambako hununuliwa dawa ya maji ya kikohozi au antibiotiki ya nusu dozi. Ya pili ni kukata kimeo, jambo ambalo bado linafanyika na ambalo humwachia mtoto kidonda na hatari ya kuvuja damu, mapafu yakibaki vilevile. Amoksisilini ya vidonge vinavyoyeyushwa majini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kwa nimonia isiyo kali, haina maajabu yoyote, na sera inataka watoto wa chini ya miaka 5 watibiwe bure katika vituo vya serikali.

Kuhusu kinga, kadi ya kliniki inajieleza: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na ile ya surua, kwani surua huzaa nimonia. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 yanasaidia. Ama moshi, sisi wa mkoa wa kuni na mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, hatuna haja ya kuelezwa ulivyo. Tusikeshe bani na mtoto mgongoni.

Ombi langu kwa halmashauri zetu si kubwa. Kila chumba cha kuonea wagonjwa kiwe na saa ya sekunde, na mtoto yeyote mwenye kikohozi au homa ahesabiwe pumzi hata kama kipimo kimeshaonyesha malaria, kisha idadi hiyo iandikwe kwenye daftari lake, ili akirudishwa kesho yake, atakayempokea aweze kulinganisha.

Mzazi na msomaji wako,
Urambo, Tabora